Kutabiri na kubashiri: nilivyosahihishwa na mzee wa Lamu

Ndugu uliyeuliza kama ni sawa kuandika "Idara ya Hali ya Hewa yabashiri mvua kubwa", nami niliwahi kuandika hivyohivyo, nikasahihishwa, na somo lile sijalisahau.

Ilikuwa Aprili 2024, masika yamepamba moto, maji yameingia nyumba za watu Mathare. Nilikuwa naandika taarifa ya habari ya jioni katika kituo kimoja cha redio hapa Nairobi. Kichwa changu kikasema, "Mafuriko zaidi yabashiriwa." Mhariri wetu, mzee wa Lamu, akaniita kando.

"Mwanangu, bishara ni nini?"

"Ni dalili ya heri, mzee."

"Basi anayebashiri amebeba heri. Wenzako wanaokoa magodoro majini, wewe wawaletea bishara?"

Akalikata neno, akaandika "yatabiriwa".

Kamusi zitakwambia ni visawe, na watu hubashiri matokeo ya mechi kila wikendi bila yeyote kushtuka. Sisemi wamekosea. Ila sikio la mtu wa pwani bado linasikia kwenye bashiri ile asili ya Kiarabu, kupasha habari njema. Tabiri nalo lina mzizi katika Kiarabu cha kufasiri ndoto: unaona ishara, unaeleza zinakoelekea. Ndiyo maana nalipenda kwa wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, wanaopima upepo na joto la Bahari ya Hindi kwanza, ndipo waseme. Asiye na dalili yoyote mkononi anakisia tu, hatabiri.

Jihadhari na mtabiri, lakini. "Utabiri wa hali ya hewa" hauna shida, ila ukimwita mtaalamu "mtabiri", wengi wetu mjini tutamfikiria mpiga ramli, yule mwenye matangazo kwenye nguzo za stima. Mwite mtaalamu wa hali ya hewa. Agua pia liache: mwaguzi ni wa kutibu na kufichua yaliyofichika, mawingu si kazi yake.

Kwa hiyo sentensi yako iwe: "Idara ya Hali ya Hewa yatabiri mvua kubwa Nairobi." Bashiri liweke akiba. Siku watakaposema ukame wa Turkana unakaribia kwisha, hapo litoe.