Utafutaji madini pekee unaweza kuudhuru mto

Je, kutafuta madini tu, kabla ya kuyachimba, kunaweza kuudhuru mto? Ndiyo, hata kama mgodi wenyewe hautafunguliwa kamwe. Mara nyingi chanzo kikubwa cha madhara si shimo linalochorongwa ili kupata sampuli za mwamba, bali barabara ya kupitishia mtambo wa kuchoronga. Ikikatwa kwenye mteremko wa bonde ambalo halijaguswa, mvua hushusha udongo mtoni, na tope laini huziba nafasi kati ya kokoto ambamo samaki wengi wa mito baridi hutaga. Mayai hukosa oksijeni na kufa. Kampuni ikiondoka, barabara hubaki, na tope huendelea kushuka.

Mtambo nao hunyonya maji ya kijito saa zote za kazi, mara nyingi kiangazi, wakati yamepungua. Dizeli na matope ya kuchorongea (mchanganyiko unaotumika shimoni wakati wa kuchoronga) yakimwagika karibu na ukingo, yanafika majini. Mwamba wenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, ukikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha shaba iliyo mwambani, na shaba kidogo sana tu huharibu uwezo wa samaki kunusa. Shimo lisipozibwa kwa saruji au bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) kuanzia chini hadi juu, huwa njia ya maji machafu kati ya tabaka na tabaka za mwamba.

Mashimo machache yanayofikiwa kwa helikopta, mbali na kijito, athari yake ni ndogo zaidi. Hata hivyo, daini maji yapimwe kabla ya shimo la kwanza, upande wa juu na wa chini wa mto kutoka eneo la kuchoronga: tope, pH (kipimo cha asidi), salfeti (inayotokana na salfa ya pairaiti), shaba. Bila vipimo hivyo hamtathibitisha chochote baadaye.