Hapana Iliyofungua Buti

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: huko Marekani, polisi akishuku kwamba gari limebeba dawa za kulevya, je, kushuku kwake kunatosha kulipekua? Nimekuwa mkalimani wa mahakamani huko kwa miaka tisa, nikiwatafsiria Waswahili wenzetu, na jibu langu ni kwamba hakutoshi. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya nusu.

Sheria yao ina ngazi mbili. Ya chini mimi huiita shaka yenye msingi, baada ya kuhangaika sana kulitafutia neno. Inamruhusu askari akuzuie kwa muda na kukuhoji. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya mtu aitwaye Terry mwaka 1968, lazima aweze kutaja mambo mahususi yaliyomtia shaka. Machale kumcheza si hoja. Ngazi ya juu ni sababu ya kutosha, yaani mambo yanayoonyesha kwamba huenda kweli dawa zimo, na hiyo ndiyo inayofungua buti. Kwa nyumba, hata akiwa nayo, kwa kawaida bado ataenda kuomba hati kwa hakimu. Kwa gari haendi. Hilo liliamuliwa mwaka 1925, enzi za marufuku ya pombe, katika kesi ya watu waliokuwa wameficha wiski ndani ya viti vya gari: lina magurudumu, ukirudi na hati yako utakuta vumbi.

Hayo mambo ya kutajwa yanaweza kuwa madogo hadi ucheke. Katika kesi ya dereva Arvizu, afisa wa doria ya mpakani huko Arizona mwaka 1998 aliona gari la familia likipunguza mwendo lilipomkaribia. Dereva alikaza shingo, hakumtazama. Watoto wa kiti cha nyuma kabisa magoti yao yalikuwa yameinuka, kana kwamba wamekanyaga mzigo. Kisha watoto wote, nyuso zikiwa bado mbele, wakainua mikono kwa pamoja na kuanza kumpungia, wakiacha na kuanza tena kwa dakika nne au tano. Mahakama ya rufaa ilichukua jambo mojamoja na kuona mengi hayana uzito. Mtoto kupunga mkono kosa gani? Mahakama ya Juu, mwaka 2002, ikasema yapimwe kwa pamoja, na kwa pamoja yalitosha kulisimamisha gari. Bangi iliyokutwa ilizidi kilo 50. Ila angalieni hapa: buti halikufunguliwa kwa sababu ya magoti ya watoto. Dereva aliombwa ruhusa, akatoa.

Mbwa naye ana sheria zake. Akinusa nje ya gari lililosimamishwa kihalali, huo hauhesabiwi kuwa upekuzi, na akionyesha dalili, askari mara nyingi amekwishapata sababu ya kutosha. Ndiyo maana mahakamani hugombaniwa dakika ambazo gari linazuiwa kwa ajili ya mbwa. Huko Nebraska mwaka 2012, askari alikuwa amemaliza kumwandikia dereva Rodriguez onyo na kumrudishia karatasi zake. Akaomba kumzungusha mbwa, dereva akakataa, akazuiwa hadi askari wa pili alipofika. Zilipita dakika saba au nane. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kazi ya kosa la barabarani ikiisha, na kukuzuia kunaisha, labda iwepo shaka yenye msingi. Ushindi mzuri, ila haukumsaidia mwenyewe: mahakama ya rufaa iliacha ushahidi wa dawa zilizokutwa ubaki, kwa kuwa polisi walikuwa wamefuata sheria kama ilivyoeleweka wakati ule. (Harufu ya bangi naipita haraka. Zamani ilimaliza mjadala. Katika baadhi ya majimbo yaliyoihalalisha, majaji sasa wanataka na kitu kingine juu yake.)

Ninachotaka kuwaambia ni hiki: ngazi zote mbili hazina kazi ukisharuhusu. Askari halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa, hivyo tangu 1973. Wala halazimiki kukwambia kwamba sasa uko huru kuondoka, hivyo tangu 1996. Sisi tuliolelewa kumwitikia mkubwa kwa "haya" tunaitoa ruhusa hiyo bure.

Na kuna wanaoitoa wakidhani wameinyima. Askari mara nyingi hasemi "naomba nipekue". Huuliza kwa upole wa Kiingereza kama utajali akitupa jicho kidogo. Kwa swali hilo, anayekubali ndiye hujibu hapana, maana yake hapana, sijali. Anayekataa inabidi aseme ndiyo. Niliwahi kukaa kwenye kesi (jimbo na mwaka naviacha) ambamo mkanda wa kamera ya askari ulichezwa mara tatu. Dereva anaulizwa swali hilo, anatikisa kichwa na mkono wote, anasema "no, no". Askari anamshukuru na kuzunguka nyuma ya gari. Wakili alinigeukia akitaka nieleze mteja wake alimaanisha nini. Kiapo cha mkalimani hakiruhusu, tunatafsiri kilichosemwa. Nikamwambia jaji kwamba kilichosemwa kilikuwa Kiingereza, na hakikuwa na cha kutafsiriwa.