Kokwa za mcheri ndani ya jokofu langu

Mwaka wa kwanza nilifukia kokwa 20 za mcheri wa maua (mti wa cheri unaopandwa kwa urembo) kwenye makopo, hapa Maryland, Marekani, nikamwagilia kiangazi kizima. Halikutoka hata jani.

Kosa lilikuwa la mtu wa Tanga. Nimezoea embe: unatupa kokwa nyuma ya jiko, ukija kukumbuka imeshachipua. Ya mcheri haiamki mpaka ipitiwe na baridi, tena ikiwa na unyevu. Ndivyo inavyojikinga isichipue mapema ikauawa na theluji.

Siku hizi, mwezi wa sita, naokota vitunda vyeusi vilivyodondoka chini ya mti wa jirani (vichungu, waachie ndege). Nasugua nyama yote, maana ikibaki ndiyo chakula cha ukungu, kisha naanika kokwa kivulini na kuziweka. Novemba naziloweka usiku kucha; zinazoelea natupa. Zilizozama nazichanganya na mchanga mbichi, ule ukiufumbata unashikana lakini hauchuruziki maji, nafunga kwenye mfuko, naweka jokofuni. Si kwenye friza! Zinakaa miezi 3 hadi 4. Andika SI CHAKULA juu ya mfuko. Mbegu iliyo ndani ya kokwa ina sumu, na mgeni wangu mmoja alishaanza kuufungua akidhani nimeletewa ubuyu.

Chungulia kila baada ya wiki mbili. Siku moja utakuta kokwa imepasuka, na kwenye ufa kuna kimzizi cheupe kama jino la mtoto. Ipande sentimita 2 chini, mzizi ukielekea chini, na ufunike kopo kwa waya. Mimi sikufunika: asubuhi nilikuta makopo saba, mashimo saba, na kindi juu ya uzio.

Usitegemee kupata mti kama ule uliookotea. Micheri maarufu ya kando ya bwawa la Tidal Basin, Washington, ile iliyotoka Tokyo mwaka 1912, aina yake huendelezwa kwa kubebesha (kuunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) na vipandikizi. Mbegu ni mtoto, si pacha. Na maua huweza kuchukua miaka 5 au zaidi. Wangu una minne, umenifika begani, bado majani matupu.

Shangazi aliposikia akaomba nimtumie kokwa. Nikamwambia, shangazi, mti huu bila majira ya baridi hautoi maua, na mkrismasi wako hapo uani unawaka kila Desemba.

"Basi ukichanua," akasema, "niletee picha."