Niliapa nafanya kazi saa nane kwa siku

Nikiulizwa nafanya kazi saa ngapi kwa siku, nilikuwa najibu bila kusita: nane, na siku nyingine kumi. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Nakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka macho yanawasha, kwa hiyo hesabu niliiona iko wazi. Kisha nikaweka programu ya kufuatilia matumizi ya kompyuta, nikaiacha wiki nzima bila kuigusa. Ripoti ikaja: kufasiri kwenyewe, saa tatu na dakika kidogo kwa siku. Nikaanza kwa kuitilia shaka programu. Siku mbili nilihangaika kutafuta ilipokosea, nisipate.

Programu hizi ziko za aina mbili, na ukichagua isiyokufaa utaiacha ndani ya wiki. Aina ya kwanza, kama Toggl Track au Clockify, unabonyeza kitufe unapoanza kazi na unabonyeza tena unapomaliza. Aina ya pili, kama RescueTime, ManicTime na ActivityWatch, hukaa kimya nyuma ya pazia na kuandika zenyewe kila dirisha unalofungua. Mimi kitufe kilinishinda. Usiku mmoja nilikwenda kulala saa inahesabu, asubuhi nikakuta nimefasiri mwongozo wa mashine ya kufulia kwa saa kumi na tatu mfululizo! Lakini kama unamtoza mteja kwa saa, jitahidi na kitufe hivyo hivyo, kwa sababu programu inayojiendesha huona faili tu. Haijui faili lile ni la mteja gani mpaka uifundishe.

Ujue pia inachopima. Inaangalia dirisha gani liko mbele, kichwa chake kinasemaje, na kama kibodi au kipanya vinaguswa. Ukikaa bila kugusa chochote, inahesabu kwamba umeondoka. Kwa ActivityWatch, usipoibadilisha, kikomo ni dakika 3. Sasa mimi hupenda kusahihisha rasimu ya mwisho kwenye karatasi, kalamu mkononi. Alhamisi moja nilisahihisha kurasa arobaini, kazi ngumu kuliko zote za wiki ile, na ripoti ikasema sikuwepo. Siku nyingine nilikodolea macho hati ileile huku nikisogeza kipanya na mawazo yako mbali kabisa, nikahesabiwa mchapakazi. Kwa hiyo usije ukagombana na mtu kwa ushahidi wa ripoti hizi.

Nusu saa ya kwanza itumie kupanga makundi. Programu huja na maoni yake kuhusu kazi na upuuzi, na YouTube mara nyingi huwekwa upande wa upuuzi. Mwezi ule nilikuwa nafasiri maandishi ya chini ya video, kwa hiyo YouTube ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nisingebadilisha, ningeonekana mvivu kuliko nilivyo, na mvivu nilikuwa wa kutosha.

Kilichonifungua macho hakikuwa jumla ya saa. Kilikuwa ule ukanda wa rangi unaoonyesha siku dakika kwa dakika. Nilisogeza karibu Jumanne asubuhi, kati ya saa 4:12 na saa 4:40. Kijani ni hati ya mkataba niliyokuwa nafasiri, nyekundu ni vingine vyote. Ndani ya dakika 28 hizo ukanda ulikuwa kama kitambaa cha mistari: barua pepe, hati, kamusi, barua pepe, habari, hati, ujumbe, hati. Niliitoka hati mara kumi na tisa. Kila safari ilikuwa fupi, hakuna iliyozidi dakika moja na nusu, na zote pamoja hazikufika dakika kumi. Ukinionyesha jumla hiyo peke yake nitakuambia si mbaya. Lakini nilipofungua mkataba wenyewe nikakuta kifungu kimoja chenye vishazi vitatu, ambacho nakumbuka vizuri nilikisoma toka mwanzo mara tano kwa sababu kila niliporudi nilikuwa nimepoteza kiima.

Dawa iliyofanya kazi kwangu ilikuwa rahisi mpaka aibu: nilizima arifa zote, nikafunga barua pepe, nikawa naifungua mara tatu kwa siku. Hakuna mteja aliyelalamika. Nilijaribu pia programu za kufungia tovuti. LeechBlock ni ya upole. Cold Turkey ni kali, ukishafunga kufuli haikupi mlango wa kutokea kirahisi. Kwa pupa ya siku ya kwanza nilifunga kivinjari kizima mpaka jioni, kisha nikakumbuka kamusi ninayoitegemea imo humo humo. Anza na kufuli la nusu saa. Ile mbinu ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, aliyoianzisha Francesco Cirillo akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, wengi wanaisifu. Mimi dakika 25 hunikata ndipo ninapopata moto, kwa hiyo nimeweka 50.

Halafu kuna suala la kumbukumbu hizo zinakaa wapi. ActivityWatch huziweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. RescueTime huzipeleka kwenye seva za kampuni. Usidharau jambo hili. Vichwa vya madirisha vinasema mengi: jina la faili la mteja uliyemwahidi siri, mada ya barua uliyomwandikia daktari.

Hili nalijua kwa kuumia. Mteja mmoja alinitaka niweke programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi, nikakubali kwa haraka ya kupata kazi. Wiki ya pili, nikipitia picha zilizokwisha kutumwa, nikakuta moja ina majibu yangu ya vipimo vya damu, yamejaa skrini, yanasomeka vizuri kabisa. Nyingine ilikuwa na ukurasa wa hati ya mteja mwingine. Niliomba zifutwe, tukakubaliana nilipwe kwa neno. Ukilazimika kukubali mpango wa namna hii, uliza kwanza inarekodi nini, nani anaona, zinahifadhiwa muda gani na kama unaweza kufuta. Kisha iweke kwenye akaunti ya pekee ya kompyuta ambayo hufungui mambo yako binafsi. Na wewe unayefikiria kuiweka kwa siri kwenye kompyuta ya mwenzi wako, hayo yana jina lake, nayo ni upelelezi.

Siku hizi natazama ripoti Ijumaa jioni tu, dakika kumi, nikiwa na swali moja mkononi, kama vile: kwa nini ule mkataba ulichukua siku tatu? Zamani nilikuwa naichungulia kila saa kuona kama kijani kimeongezeka. Nilikuja kushtuka mwisho wa mwezi, nikipitia orodha ya vilivyokula muda wangu, nikaikuta ActivityWatch yenyewe namba nne, juu kabisa ya tovuti zote za habari. Nikaihamishia kwenye kundi la nyekundu.