Maswali ya Wasomaji: Baba Ameondoka, Kompyuta Imebaki

Barua za toleo hili zimetoka Kigoma, na nyingi zinamhusu marehemu aliyekuwa mwandishi wa programu za kompyuta.

SWALI: Shikamooni wahariri. Baba yetu alikuwa akiandika programu hapa Ujiji. Ameacha kompyuta mpakato yenye nywila tusiyoijua. Humo kuna picha zetu tangu utotoni na kazi zake zote. Fundi anasema apige Windows upya ndipo ifunguke. Tumpe? – Binti mkubwa, Ujiji

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Msimpe, angalau si kwa kazi hiyo. Akipiga Windows upya kompyuta itawaka, lakini mnachokitafuta kitakuwa kimefutika. Nywila ya kuingilia huzuia mtu kwenye skrini tu. Mara nyingi faili husomeka ukiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine.

Kabla ya kushika bisibisi, angalieni betri. Padi ya kidole ikiwa imeinuka, au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba. Msiichaji wala msiikandamize ili kifuniko kikae, itolewe kwanza. Kisha jueni kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data yote ya diski. Ikiwa imefungwa, kompyuta nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu 6. Ufunguo huo huwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, kwenye flashi, au kwenye karatasi aliyoichapa, kwa hiyo pekueni madaftari na majalada yake ukurasa kwa ukurasa. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa kuifungua, na anayeahidi anatafuta hela yenu. Fundi asichezee pia mipangilio ya BIOS, ile ya kuwashia mashine kabla ya Windows, kwa sababu mabadiliko ya huko yanaweza kuifanya mashine iliyokuwa ikiwaka vizuri ianze kudai ufunguo.

Kompyuta za zamani zina diski ya inchi 2.5, nayo inahitaji kebo ya SATA kwenda USB tu. Za karibuni zina kipande chembamba cha M.2, upana milimita 22 na urefu aghalabu 80. Hicho huwekwa kwenye kasha lake. Vipande hivyo viko vya aina mbili, NVMe na SATA, na kasha la NVMe linaweza lisisome kipande cha SATA, hivyo nendeni dukani nacho mkononi.

Diski ikisomeka, nakilini, msihamishe. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, cha asili bado kipo. Anzeni na folda ya Users. Halafu washeni chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa, maana hapa ndipo wengi hupoteza kazi ya mwandishi wa programu bila kujua. Ndani ya folda ya kila mradi huwa kuna folda iliyofichwa iitwayo .git, yenye historia ya mabadiliko ya mradi huo tangu alipoanza kuyarekodi. Ukiiacha, unabaki na hali ya mwisho tu. Folda za node_modules, zenye maelfu ya vifaili vidogo vya programu za watu wengine alizozitumia, zinaweza kurukwa. Zitapakuliwa tena mtandaoni mradi faili ya package.json na ile ya lock iliyo pembeni yake zimenakiliwa.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, zimeni hapohapo. Kila mkijaribu tena mnaichakaza. Ipelekeni kwa anayejua kutumia ddrescue, programu inayosoma kwanza sehemu nzima na kuziachia mwisho zilizoharibika.

Nakala ziwe mbili, kila moja nyumba yake: moja Ujiji, nyingine kwa ndugu aliyeko Tabora. Flashi na diski za SSD zikikaa miaka bila umeme zinaweza kupoteza data, hivyo mzichomeke kila mwaka na kufungua faili chache kuona kama zinasomeka.

SWALI: Mume wangu alitengeneza programu ya mauzo inayotumiwa na maduka na wauza dagaa wa jumla. Sasa wateja wananipigia simu wakiniuliza nani ataiendesha. Mimi si mtu wa kompyuta. – Mjane, Mwanga

JIBU: Pole sana mama. Anza na simu ya marehemu, kompyuta itafuata. Iwe na chaji, laini ikae humo, na itiwe vocha, kwa sababu namba za uthibitisho za akaunti zake nyingi zinaingia hapo. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine. Simu ikidai PIN ya laini, usibahatishe: ukikosea mara 3 itadai PUK, namba ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Pesa iliyomo kwenye laini usiitoe hata kama namba ya siri unaijua. Hiyo ni mirathi.

Programu ya namna hii kwa kawaida inategemea seva ya kukodi na jina la tovuti, na huenda vyote alivilipia kwa kadi yake. Benki ikishafunga kadi, malipo yatagoma, seva itasimamishwa, na baada ya muda wa subira data za wateja zitafutwa. Fungua barua pepe yake, kama inafunguka, utafute ankara: nani analipwa, kiasi gani, lini. Wiki hiyohiyo mtafute mwandishi wa programu unayemwamini achukue nakala ya hifadhidata, aihifadhi nje ya seva, kisha airejeshe kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu.

Mwandishi huyo asipewe kila kitu kwa maneno. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, programu za kompyuta zinalindwa, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, hivyo msimbo, yaani maandishi ya programu, aliouandika kwa ajili yake mwenyewe ni mali ya warithi. (Aliouandika akiwa ameajiriwa ni suala jingine; mara nyingi ni wa mwajiri, na urudishwe.) Pateni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, fanyeni kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, na msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Yeye ndiye atasaini mkataba: nani anaihudumia programu, wateja wanamlipa nani, familia inapata nini.

Kama kazi zake ziko GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, na alimteua mrithi huko, mrithi huyo anaweza kusimamia miradi ya wazi siku 7 baada ya kuwasilisha cheti cha kifo, au siku 21 akiwasilisha tangazo la kifo.

SWALI: Arobaini ya baba inakaribia na nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Wazee wa hapa hawajui programu ni nini. Niandikeje? – Kijana wa Gungu

JIBU: Kurasa mbili, zisomeke kwa dakika 5 hadi 7. Ukoo, kuzaliwa, shule, ndoa na watoto vije kwanza kama ilivyo desturi, miaka ikilinganishwa na vyeti. Ukifika kwenye kazi, acha majina ya lugha za programu. Eleza mtu alikuwa akifanya nini kabla, na nini kilibadilika. Kwa mfano, mwenye duka aliyekuwa akifunga hesabu usiku kwa daftari na kukuta magunia hayalingani, sasa anaona kwenye simu yaliyobaki. Mzee ataelewa hapo.

Upande wa ubaba ndio huharibiwa na sifa za jumla. “Alikuwa baba mwema” husomwa kila msiba. Andika alichokifanya: alimfundisha nani hesabu na saa ngapi, alizimaje kompyuta watoto walipotaka kusikilizwa, alikataa safari gani ili awepo nyumbani. Waulize watu watatu tofauti: mteja, mfanyakazi mwenzake na mtoto wa mwisho. Kila mmoja akupe tukio, siyo sifa.

Historia ya kazi yake itakusaidia kwenye tarehe. Ndani ya folda ya mradi, amri ya git log --reverse inaonyesha ingizo la kwanza juu kabisa, pamoja na ujumbe aliouandika. Tahadhari moja: tarehe hizo zilitoka kwenye saa ya kompyuta yake. Kama betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa, utaona miaka ya ajabu, hivyo linganisha na ankara.

Ukitaka kuning’iniza ukurasa wa msimbo sebuleni, chagua wenye maelezo aliyoyaandika kwa Kiswahili, uchapwe kwa herufi za upana sawa, mistari isizidi 40. Soma kila mstari kabla ya kuchapa, kwani nywila za seva huachwa humohumo.

SWALI: Sauti za baba za WhatsApp zitadumu? – Msomaji, Kasulu

JIBU: Kwa kujitegemea, hapana. Akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na zilizomo kwenye simu zitapotea mtu akiiondoa programu. Kwenye simu ya Android fungua folda hizi, moja ndani ya nyingine: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha WhatsApp Voice Notes. Kuna folda za wiki zenye faili za sauti za .opus. Nakili folda zote. Programu ya VLC inazicheza. Zile alizokutumia wewe ziko kwenye simu yako pia, kama hukuzifuta.