Wasomaji wanauliza: namba za bunduki ya marehemu hazilingani

Ndugu wahariri, baba mkubwa ametuachia bunduki ya kivita ya zamani. Mtutu wake umefunikwa na bomba jembamba la chuma, na ubavuni imeandikwa «Fab. Nat. d'Armes de Guerre, Herstal-Liège». Namba ya bolti, yaani komeo la chuma linaloifunga risasi kwa nyuma, si ile ya mtutu. Fundi mmoja anasema imeokotezwa vipande vipande. Nitajuaje kipi kimebadilishwa?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

Kabla ya namba, karatasi. Silaha nchini zinaongozwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na karatasi ya marehemu ina jina lake, si lako. Usiibebe njiani kuitafutia maelezo. Nenda polisi mikono mitupu, uwaeleze iko wapi. Na usiiguse kabla ya mtu anayezijua silaha kufungua bolti na kuhakikisha ndani hamna risasi.

Uliyo nayo ni Mauser ya Ubelgiji, muundo wa mwaka 1889, milimita 7.65. Kiwanda cha FN chenyewe, ndicho hicho kilichoandikwa ubavuni, kilianzishwa mwaka huo ili kutengeneza bunduki 150,000 za aina hii. Wajerumani walipoingia Liège Agosti 1914, Ubelgiji ilikwenda kuagiza kwingine: kwa Hopkins & Allen wa Norwich, Marekani, na mjini Birmingham, Uingereza. Maandishi ya ubavuni yatakuonyesha ilikotoka. Kwa hiyo mwili wa Herstal wenye bolti ya Norwich si ajabu wala si udanganyifu. Mafundi wa jeshi walichukua kipande kilichokuwa mezani, bunduki ikarudi kazini.

Sasa kagua. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, paka chaki nyeupe juu ya namba, ufute tena: chaki itabaki ndani ya mikato. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Andika namba ya mwili, ya mtutu, ya bolti na ya kila kipande kidogo chenye namba, ukizingatia herufi iliyotangulia na ukubwa wa tarakimu. Namba ya zamani iliyopigwa mstari na mpya kugongwa kando yake kwa mhuri ni kazi ya karakana ya jeshi. Namba iliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari ni ya mtu wa baadaye. Rangi nayo inasema: kipande cheusi kinachong'aa kati ya vyuma vilivyopauka, au visi ambayo mfereji wake ni mpya ilhali jirani zake wameliwa na bisibisi. Kwenye mbao, tafuta mwanya kati ya chuma na mti; kitako cha asili kimekumbatia chuma.

Ukikutana na nyingine isiyo na bomba, usidhani limeibwa. Kuanzia 1936 Wabelgiji waliliondoa kwenye bunduki nyingi wakaweka mtutu mpya na kilengeo cha mbele chenye masikio mawili. Yako bado inalo, basi haikupitia huko. Usijaribu kulichomoa: maji hujificha kati yake na mtutu, kutu hulikamata, nalo ni jembamba, hubonyea upesi.

Hilo la bolti lina uzito kuliko bei. Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine huenda isiegemee sawasawa kwenye meno yake mawili ya mbele yanayoifunga, nafasi nyuma ya ganda la risasi ikazidi, ganda likapasuka karibu na uso wa mpigaji. Isipigwe.

Babu alisema alikwenda nayo Tabora. Naweza kuthibitisha?
Msomaji huyohuyo

Chuma peke yake hakithibitishi. Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na vita vilipoanza askari wake wengi walikuwa bado na bunduki ya Albini ya risasi moja moja. Mauser ya 1889 inawezekana, ila unahitaji karatasi ya kikosi yenye namba ya silaha kando ya jina lake. Mhuri wa ELG ndani ya umbo la yai ni wa ofisi ya majaribio ya Liège, na hugongwa hasa kwenye silaha za biashara. Ukiuona, huenda bunduki ilipitia dukani kabla ya kufika kwenu.

Naweza kuing'arisha kwa msasa?

Hapana. Msasa unakula mihuri ileile unayoitafuta. Mafuta mepesi ya mashine, kitambaa cha pamba, na subira ya siku mbili tatu kwenye kutu ngumu.