Ukitaka kumtafiti kibarua wa mikorosho, anzia anapolala

Nilipokwenda Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, kukusanya data za shahada yangu ya uzamili, nilifanya kosa lililonigharimu majuma matatu: nilikubali kuingia katika mashamba ya mikorosho nikiwa nimefuatana na wenye mashamba. Nilitaka kujua madhara ya salfa ya unga kwa vibarua wageni, wakiwamo wanaovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, lakini kila niliyemwuliza alinijibu kwa adabu kwamba kazi ni nzuri na hana tatizo.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kwa utafiti wa aina hii Mtwara au Lindi, anza na mahali kibarua anapolala. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye maua na upepo umetulia, ili unga ushike na kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mwenyeji akimaliza hurudi kijijini akaoga na kubadili nguo. Wageni niliowakuta walibaki katika vibanda vilivyomo shambani humo humo, wakipikia maji ya ndoo iliyoshinda wazi chini ya mikorosho. Haki ya mazingira na haki za kazi, ambazo nilikuwa nimezitengea sura mbili tofauti, kwa watu hawa zilikuwa ndoo moja.

Nenda kati ya Mei na Agosti, kwa maana ukichelewa hadi Novemba utawakuta waokotaji wa korosho, na macho yaliyokuwa yakiwasha yameshapoa. Usitangulize swali la afya. Tanguliza hesabu: amepuliza mikorosho mingapi, ya nani, kwa siku ngapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, lakini sharti hilo halimhusu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Kibarua anayehama shamba kila baada ya siku nne anaweza kupuliza mwezi mzima bila yeyote kulazimika kumwandikia hata mstari mmoja.

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na barua ya halmashauri ni lazima uwe navyo, ila mtu asiye na hati za kuishi nchini akiona mihuri kabla hujajieleza, mazungumzo yamekwisha. Majina usiyaandike. Mimi nilitumia namba, na jina la kijiji nikaliondoa kwenye tasnifu. Msimamizi wangu alinung'unika, lakini ambaye angenyimwa kazi msimu uliofuata si yeye.